Sauti ya Pili

Nimerudi jana kutoka Maposeni kumzika Sesilia. Watu wa kule walinipokea vizuri, wakaniwekea kiti ubavuni mwa nyumba, na Wakristo wenzake walipokuwa wakisali sala zao mimi nilikaa kimya nikimwombea kwa namna ninayoijua. Tulipokwisha kutupa udongo, mzee mmoja aliyenishika mkono kunirudisha kitini aliniuliza, "Shehe, samahani, marehemu ulimfahamu wapi? Maana dada yetu huyu alikuwa haendi popote." Nikamjibu kwamba tulijifunza kompyuta pamoja, Songea mjini. Akasema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgonjwa, "Sesilia huyu huyu? Aliyekuwa haoni?" Nikamwambia ndiyo, huyo huyo, na mimi mwenyewe sioni, kama unavyoniona. Alicheka kidogo, akaomba radhi kwa kucheka msibani, akaniacha hapo. Tangu jana nimekaa na swali lake. Naandika haya kwa sababu naona nimebaki peke yangu ninayejua kwamba alikuwa akienda, na alikokuwa akienda.

Mwaka ninaoukumbuka ni katika miaka ile ambayo kila wiki redio ilituletea neno jipya: ubinafsishaji, upunguzaji, soko huria. Madukani vitu vilijaa, sabuni za kila harufu na mchele wa nje, na mitaani wakajaa watu waliokuwa na kazi mwaka uliotangulia. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua mahindi na tumbaku ya wakulima kilifunga ofisi zake taratibu, chumba baada ya chumba, kama nyumba ya mtu anayehama kwa aibu. Sesilia alikuwa opereta wa simu pale. Alikuwa akizijua sauti za wakubwa wote wa mji, na za wake zao, na za watu ambao hawakutaka wake zao wajue wamepiga. Aliniambia kwamba siku ya mwisho alikaa mbele ya swichibodi mpaka saa za kufunga, ingawa laini zilikwisha kukatwa, akichomeka na kuchomoa waya ili tu vidole visilale. Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha watoto Kurani katika chuo kidogo pale Mjimwema. Nilitoka Namasakata, wilaya ya Tunduru, nikiwa nimehifadhi msahafu kwa sikio: shehe wangu anasema, nami nasema baada yake, mpaka aya ikae. Tulifahamiana katika chama kidogo cha wasioona wa mjini, chama ambacho mali yake yote ilikuwa benchi moja, mhuri, na mashine ya kuandikia nukta nundu iliyopungua kitufe.

Alikuwa amepanga chumba kwa Mama Kapinga, kinachotazama barabara. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kilinuka mafuta ya taa na dawa nyekundu ya kung'arishia sakafu, kitanda kilikuwa kushoto, jiko la mchina kulia, na katikati kigoda ambacho kila mgeni alijikwaa nacho isipokuwa sisi tusioona. Dirisha lilikuwa usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Hapo ndipo alipokuwa akikaa jioni, akimenya numbu, vile viazi vyembamba vya kwetu, au akichambua dagaa wa Nyasa, na barabara nzima ikipita sikioni mwake. "Huyo ni mwalimu wa Kagera," alikuwa akisema, "leo kavaa viatu vya kuazima." Watu walimsalimu wakipita, naye aliwarudishia kila mmoja jina lake. Nikimtembelea, nilikaa mlangoni, mlango ukiwa wazi kama adabu ilivyotaka, na Mama Kapinga akipepeta unga uani akisikia kila tulichosema na kuchangia alipopenda.

Kaka yake mkubwa, Fidelis, alikuja mvua zilipokwisha kuanza. Nilikuwepo. Sesilia alimwamkia shikamoo, akampa maji, akangoja.

"Turudi nyumbani," Fidelis alisema. "Nyumba ipo, chakula kipo. Hapa unakaa kwa nani?"

"Nakaa kwangu."

"Kwako ni kwa Mama Kapinga."

"Mimi simo jamani," Mama Kapinga alisema kutoka uani.

"Kaka, nyumbani nitafanya nini?"

"Utakula. Utakaa na watoto, utapukuchua mahindi. Watu kule wanakuheshimu."

"Wananiheshimu mpaka wananisahau," alisema Sesilia. "Asubuhi mnakwenda shamba wote. Mchana kutwa nasikia kuku. Hapa nikikohoa, mtu njiani ananipa pole."

Fidelis hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana katika hadithi za watu kama sisi ndugu huwa mkatili, na huyu hakuwa. Alikuwa amechoka kuulizwa kijijini kwa nini dada yake kipofu anakaa mjini peke yake. Mwishowe akatoa kauli yake: mahindi yakishavunwa atakuja na lori la kuleta magunia. Akimkuta ana kazi, lori litarudi tupu naye atafurahi kuliko mtu yeyote. Akimkuta hana, atapanda. Sesilia akasema, "Sawa, kaka." Alipokwisha kuondoka, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mahindi mwaka huo yangewahi au yangechelewa.

Kompyuta ilikuja katika mvua hizo hizo. Wafadhili fulani wa nje waliileta kwa chama chetu, imekwisha kutumika kwao, pamoja na programu ya kusoma skrini: unaandika, nayo inakusomea kwa sauti kile ambacho wenye macho wanakiona kwenye kioo. Tuliiweka katika chumba cha nyuma cha ghala moja lililokuwa la ushirika. Kuta zilinuka dawa ya kuhifadhia mahindi, na tukikaa sana macho yetu yasiyo na kazi yalitoka machozi. Aliyetufungia mitambo ni Fundi Mwaipopo, mtu wa Mbeya, mnene wa sauti, aliyekuwa akitengeneza redio na mashine za kuchapia na sasa anajifunza kompyuta kwa kuzifungua. Sauti ya ile programu ilikuwa ya mwanamume wa Kizungu, kavu, akisoma Kiswahili kama anayekanyaga kokoto. Tulimzoea. Ambacho hatukukizoea ni kwamba kila kitu alikisema mara mbili. Unaandika neno "barua", unabonyeza kitufe cha nafasi, anasema "barua", na kabla hujavuta pumzi, "barua" tena. Ukishuka mstari, mstari mzima mara mbili. Ukifungua orodha ya kazi zako, kila jina mara mbili.

"Mzungu wenu ni kama balozi wa nyumba kumi kwenye mkutano," Mwaipopo alisema. "Jambo moja, mpaka wa nyuma wasikie."

"Kwenye simu watu wakiingiliana nilimchomoa mmoja," Sesilia alisema. "Huyu nimchomoe wapi?"

Mimi nilisema kwamba sioni ubaya wake, nilivyolelewa chuoni neno likirudiwa ndipo linapokaa. Sesilia akacheka. "Maalim, wewe una tasbihi yako na mimi nina rozari yangu. Mungu tunamrudia mara hamsini, yeye hajalalamika. Mzungu anarudia mara mbili tu, tunataka kumpeleka mahakamani." Tulicheka sote, na Mwaipopo akasema tangu lini Mwislamu na Mkatoliki wakakubaliana ndani ya ghala. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu chumba kile kilikuwa na mwangwi, na hata kicheko chetu kilirudi mara mbili.

Tukaishi na zile sauti mbili. Kwa kuwa nilikuwa na mazoea ya kusikiliza tofauti ndogo, ya mtoto anayevuta irabu isivyostahili, nilianza kuona kwamba sauti ya pili haikuwa mwangwi wa ile ya kwanza. Ya kwanza ilikuja palepale kidole kilipogusa. Ya pili ilichelewa kidogo, na ilitaja pia nukta au mkato uliofuata neno. Sesilia ndiye aliyegundua jambo la maana zaidi. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na ikizidiwa ilikuwa ikiganda: unaandika, sauti ya kwanza inakuja, ya pili haiji. Mwaipopo alipotazama kioo katika hali hiyo, neno halikuwemo. Basi tukaelewa. Kidole kilikuwa na taarifa yake, na ukurasa ulikuwa na taarifa yake, na programu ya kusoma ilizitangaza zote mbili bila kujua kwamba ni tukio moja. Sesilia akaliweka hivi: "Sauti ya kwanza ni ya kidole, ya pili ni ya karatasi." Ikawa ndiyo kanuni yetu. Ukisikia mbili, neno limeingia, songa mbele. Ukisikia moja, neno halipo, liandike tena. Kanuni ilikuwa ya kweli na haikutuangusha hata mara moja. Tuliifundisha vidole vyetu msimu mzima, mpaka havikuhitaji tena kutuuliza.

Mahindi yalikuwa yameanza kubeba Sesilia aliposikia, dirishani pale pale, kwamba kampuni iliyonunua kinu na maghala ya ushirika inatafuta mtu wa simu na barua. Alikwenda mwenyewe, na fimbo yake, bila kumwambia mtu. Meneja alikuwa mtu wa kuja, wa Mwanza, mwenye sauti ya polepole. Alimwambia wazi kwamba simu hana shaka nayo, ila barua ndizo zilizokuwa nyingi. Yeye alikuwa na tabia ya kusema barua zake kwenye kaseti akiwa safarini, na mchapaji azisikilize na kuzichapa. Waombaji wote wangepewa kaseti moja na muda mmoja. "Ukija na mashine yako inayosema, njoo nayo," alisema. "Mimi natazama karatasi." Sesilia aliniletea habari hizo kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, akizisema taratibu zisimwagike. Nilimwambia alhamdulillahi. Akasema, "Ngoja kwanza, Maalim. Usimshukuru kabla hajamaliza."

Tukaanza mazoezi. Mimi nilikuwa meneja: nilisema barua za uongo kwenye kaseti, za magunia na madereva na madeni ya dizeli, naye akaandika. Kila siku muda uliisha barua zikiwa njiani. Si kwamba vidole vyake vilikuwa vizito. Vilikuwa vyepesi kuliko vyangu na vya Mwaipopo. Ni ile sauti ya pili. Baada ya kila neno alipaswa kuingoja, na akiianza herufi ya neno jingine kabla haijamaliza, iliikata, na hapo hakujua tena kama neno limeingia. "Napoteza nusu ya siku nikimsubiri Mzungu arudie," alisema. Tukakubaliana kwamba lazima mmoja anyamazishwe. Mwaipopo alikuwa na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, kinene, na kwa siku nyingi alitusomea kwa Kiingereza chake na kututafsiria kwa ujasiri. Alizima kitu hiki, akawasha kile. Mara moja alizima kisichopaswa kuzimwa na mashine ikawa bubu kabisa. Yeye aliendelea kufanya kazi kwa macho, akipiga mluzi, sisi tukakaa gizani alasiri nzima, maana kwetu skrini isiyosema ndiyo iliyozimika.

"Fundi, tupo?" Sesilia aliuliza.

"Mpo. Mimi nawaona."

"Haya, sisi hatujioni."

Siku Fundi aliyoipatia mashine dawa ilikuwa ya baridi, mwanzo wa kipupwe. Nilikuwa nimejifunika shuka la swala mabegani. Mwaipopo alisema, "Dada, andika." Akaandika. Mzungu akasema "barua" mara moja, akanyamaza. Akaandika tena, mstari mzima, na mstari ukasomwa mara moja. Mwaipopo alikuwa ameizima taarifa ya ukurasa, akabakiza ya kidole, na kwa kuwa alikwisha kufunga programu zote nyingine zilizokuwa zikiilemea mashine, haikuganda tena. "Sasa kidole na karatasi ni kitu kimoja," alisema. "Msiwe na wasiwasi. Kikisemwa, kimo." Tulikwenda chumbani kwa Sesilia, akachemsha numbu, Mama Kapinga akaleta chai ya tangawizi, na Mwaipopo akala kama mtu aliyelima. Hata hivyo, kabla hatujatoka ghalani nilikuwa nimesikia jambo. Kila mwisho wa neno vidole vya Sesilia vilisimama kidogo, kama mguu uliozoea ngazi yenye kidato kimoja zaidi. Nilimweleza hapo hapo. Akasema, "Nimejisikia. Wiki moja ya mazoezi, vitasahau."

Wiki hiyo hatukupewa. Umeme wa Songea miaka ile ulitoka kwenye majenereta, na majenereta yalitaka dizeli, na dizeli ilikuwa njiani, mahali fulani katika barabara ya Njombe au katika maneno ya watu. Mji ukazimika siku baada ya siku. Tulikwenda ghalani kila asubuhi, Sesilia akikaa mbele ya kibodi iliyokufa na kuandika hewani, bila sauti yoyote. Umeme uliporudi, ilikuwa imebaki siku moja kabla ya mtihani wake, na alipoandika, vidole vilisimama vilevile. Na mara mbili au tatu, vikisikia sauti moja tu, viliandika tena neno lililokwisha kuandikwa. Mwaipopo aliona kwenye kioo, akamwambia.

"Nikurudishie zile mbili?" aliuliza. "Ni dakika chache tu."

Alifikiri. Nilisikia akizungusha rozari mfukoni.

"Nikirudi kwenye mbili sitamaliza," alisema. "Hilo nina hakika nalo. Kwenye moja, nikituliza moyo, nitamaliza. Maalim, unasemaje?"

Nilisema ukweli, kwamba hata mimi sioni njia nyingine. Mpaka leo, nikiligeuza jambo lile, sioni njia nyingine. Alichagua kama mtu mwenye akili anavyochagua, na nimejifunza uzeeni kwamba si kila chaguo jema lina mlango upande wa pili.

Tuliipeleka kompyuta kwa mkokoteni, imefungwa kwa blanketi la Sesilia mwenyewe. Ofisi ya kampuni ilikuwa ile ile ya ushirika wa zamani, imepakwa rangi mpya ambayo bado ilinuka. Alipopita mlangoni aligusa ukuta kwa kiganja na kusema, kwa sauti ya chini, "Swichibodi ilikuwa hapa." Meneja alituruhusu mimi na Mwaipopo kukaa ndani kwa sharti la kutosema neno. Mwaipopo alikaa chini kwenye nyaya, mgongo kwa kioo, akiulinda waya mmoja uliokuwa umelegea. Mimi nilikaa dirishani. Kaseti ikaanza, sauti ya meneja ikasema, "Kwa Ndugu Mkaguzi wa Maghala," na vidole vyake vikaondoka.

Naomba msomaji anielewe hapa. Nilisikiliza mtihani wote kwa masikio yale yale yaliyokuwa yametofautisha sauti mbili zinazofanana. Nilisikia vitufe vikienda haraka, haraka kuliko nilivyowahi kuvisikia. Na nilisikia Mzungu akisema neno, na akilisema tena. "Maghala. Maghala." "Tunaomba. Tunaomba." Si kila neno, ila mara nyingi, hasa mwanzo wa mistari. Wala sikushtuka. Msimu mzima niliishi na mashine inayosema mara mbili. Kwa sikio langu hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kazi kwenda vizuri. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mwaipopo naye alisikia, aliniambia baadaye, naye alitulia kama mimi. Katika chumba kile tulikuwa watu watatu tuliojifunza pamoja kwamba sauti mbili ni salama.

Alimaliza kabla ya muda. Alimaliza yote. Printa ikanguruma, karatasi zikatoka, na meneja akaanza kuzisoma. Karani mmoja aliyekuwa nyuma yake alicheka puani, na meneja akamwambia atoke nje. Hapo ndipo Sesilia alipojua, nafikiri. Nilisikia viganja vyake vikishuka mezani.

"Dada," meneja alisema, "katika wote waliokuja, wewe umekuwa wa haraka zaidi. Nakwambia kweli." Kisha akasoma kama ilivyoandikwa, taratibu, bila dhihaka. "Tunaomba tunaomba magunia yote yote yaliyobaki ghalani yahesabiwe yahesabiwe upya." Akageuza ukurasa. "Zipo hivi kurasa zote."

"Naomba nirudie," Sesilia alisema. "Najua kosa liko wapi. Ni mashine... ni mimi na mashine. Nikirudia halitakuwepo."

Mwaipopo alianza kueleza, akijikwaa, habari za kidole na karatasi. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Lakini alisema kwamba jana yake watu wawili walikosea na kuomba kurudia, naye akawakatalia, na wote wawili walipunguzwa kazi kama Sesilia, na wana watoto. "Nikikupa wewe, niwaite na wao. Nikiwaita na wao, huu si mtihani tena. Siwezi, dada." Alimsindikiza mwenyewe mpaka barazani, akamshika mkono kushuka ngazi. Nimejaribu mara nyingi kumchukia mtu yule, nikashindwa.

Tulirudi nyuma ya mkokoteni. Karibu na kwa Mama Kapinga, mwalimu mmoja aliyepita alimuuliza Sesilia habari za mtihani, naye akamjibu, "Nimemaliza, mwalimu," akamtaja kwa jina na kumtakia siku njema. Ndani, hakulia. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mwaipopo alibaki mlangoni, akasema atairudisha ile mashine kama ilivyokuwa, asubuhi, zile sauti mbili zote, ili angalau kazi ya chama iendelee kwa namna tuliyoizoea. Sesilia aliweka chini sufuria.

"Iache hivyo ilivyo, Fundi," alisema. "Atakayekuja baada yangu aanze na moja. Asijifunze kusubiri."

Mahindi hayakuchelewa. Lori la Fidelis lilikuja likiwa na magunia, yakashushwa sokoni, na alasiri likasimama mbele ya kwa Mama Kapinga. Fidelis hakuuliza kitu. Alikuwa amekwisha kusikia. Alifunga kitanda kwa kamba, akabeba jiko, akajikwaa na kigoda. Sesilia alikaa dirishani mpaka chumba kilipokuwa kitupu, na watu waliokuwa wakirudi kutoka kazini walisimama kumsalimu, kila mmoja akimuuliza anasafiri kwenda wapi, naye akawajibu kwamba anakwenda nyumbani kupumzika. Mama Kapinga alimpa chupa ya togwa ya njiani na akaingia ndani haraka, maana hakutaka kusikika akilia. Mimi nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja katika urafiki wetu, na nikamwambia kwamba Mwenyezi Mungu yupo pamoja na wenye kusubiri. Aliniambia, "Najua, mlongo wangu, ndugu yangu. Hata sisi tunafundishwa hivyo. Lakini leo usinifundishe." Kati ya maneno yote ya dini niliyowahi kumwambia mtu, hayo ndiyo ninayotamani ningechelewa kuyasema. Jioni ya siku ya pili nilipita njia ile, na dirishani pale nikasikia redio ya mpangaji mpya.

Nilimtembelea Maposeni mara chache kuliko nilivyokusudia. Nimezeeka sasa na ninashukuru kwa mengi: afya, wanafunzi waliohifadhi, na mashine hizi za leo ambazo zinasema jambo mara moja kwa sauti ya mtu anayejua Kiswahili. Kwa mwaka ule pia nashukuru, maana sijawahi tena kufanya kazi na watu niliowapenda hivyo. Mwisho wake sijajua nishukuru namna gani. Nauacha kwa Aliyeupanga.

Mara ya mwisho nilipokwenda, Sesilia alikuwa akipukuchua mahindi peke yake, wenye nyumba wako shamba. Nilisikia punje zikianguka kwenye beseni kwa kasi ile ile ya vidole vyake. Nilikuwa na habari ambayo niliogopa kuisema, nikaisema, kwa sababu alikuwa mtu wa kuambiwa. Msichana mmoja wa chama chetu, Yasinta, asiyeona kama sisi, aliyejifunza kwenye mashine ile ile baada ya yeye kuondoka, alikuwa ameajiriwa na kampuni ile ile. Simu na barua. Punje zilisimama.

"Meneja yule yule?" aliuliza.

"Yule yule. Alimpa kaseti kama yako."

"Anaandika haraka?"

"Haraka."

"Kuliko mimi?"

"Hapana."

"Muongo," alisema, na nilisikia kwamba ametabasamu. Kuku walikuwa wakichakura karibu na miguu yetu. Kisha akaniuliza meza ya Yasinta imewekwa upande gani.

"Dirishani."

"Dirisha la nyuma au la barabarani?"

"La barabarani."

"Basi anasikia watu," alisema, akachukua hindi jingine.